Mfalme Aliyepasuka

Kisa hiki kilitokea Karatina, nami nilikuwamo. Fundi mwenyewe ameniruhusu nikisimulie bila kumtaja jina, kwa sharti moja: nisimwachie lawama peke yake. Nimekubali, maana kazi yenyewe nilimletea mimi, na haraka niliitia mimi.

Mwalimu mmoja wa Isiolo alitaka seti mbili za sataranji kwa wanafunzi wake. Alitaka kete za mbao, nzito kidogo, ili mtoto akimshika mfalme ahisi ameshika kitu cha maana. Nikampelekea habari fundi huyu, ambaye kazi yake ya kila siku ni kukereza miguu ya meza na viti. Alifurahi sana. Ilikuwa Aprili, mvua imeshika kweli, na upepo ulikuwa umeangusha mutamaiyu, yaani mzeituni mwitu, katika shamba la jirani. Mbao yake ni nzito, ya kahawia yenye mistari myeusi, na kwa kete nyeusi tuliona tumepata bahati. Kwa kete nyeupe alikuwa na jakaranda iliyokaa darini kwake miaka mitatu. Tukamwahidi mwalimu kwamba kazi ingefika kabla ya Mei kwisha.

Umbo la kete tulilolizoea lilisajiliwa London mwaka 1849 na Nathaniel Cooke, likapewa jina la mchezaji Howard Staunton. Wakereza wanalipenda kwa sababu karibu kila kete ni mviringo kuanzia kitako hadi kichwani. Kichwa cha farasi hasa ndicho huchongwa kwa mkono. Kwa vipimo vya FIDE, shirikisho la sataranji duniani, mfalme ana kimo cha sentimita 9.5 hivi, na kitako chake kina upana wa sentimita nne au zaidi kidogo. Fundi alichagua matawi yenye unene unaokaribia huo, akayakata vipandevipande na kuyafunga kwenye mashine yakiwa mazima, kiini kikiwa katikati.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu yetu yalikuwa mengi, na yote tuliyaona.

La kwanza lilikuwa maranda. Jakaranda ilitoa vumbi na vipande vifupi. Mutamaiyu ulitoa nyuzi ndefu, laini, zilizomnata fundi kwenye mkono wa shati na kuacha unyevu. Mimi nilizisifu, nikasema patasi yake ni kali.

La pili lilikuwa msasa. Badala ya kutoa unga, uliziba kwa kitu kama ugali mwembamba. Akabadilisha msasa mara tatu, akalaumu duka alikoununua.

La tatu lilikuwa patasi yenyewe, ambayo asubuhi aliikuta na madoa meusi pale ilipogusa mbao.

La nne alilileta mzee mmoja, seremala wa zamani, aliyepita kusalimia. Aliokota askari mmoja mweusi, akamweka shavuni, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Wanangu, huyu bado ana baridi ya mti." Tulimshukuru kwa heshima zote, tukamkaribisha chai, kisha tukaendelea na kazi.

La tano ndilo linaloniumiza hadi leo. Baada ya wiki moja tulizipanga kete juu ya kioo. Nyeupe zilitulia. Nyeusi kadhaa zilichezacheza, kwa sababu vitako vilikuwa vimepinda chini, havikuwa bapa tena. Fundi alinitazama. Nikamwambia apitishe msasa chini, kwani mwalimu alikuwa anasubiri. Akafanya hivyo. Kisha akatoboa vitako, akakazia nati za chuma ndani kwa gundi ili kuongeza uzito, na chini yake akabandika kitambaa cha kijani.

Kutoka Karatina hadi Isiolo unauzunguka Mlima Kenya, unapita Nanyuki na Timau, kisha unateremka kwenye joto na ukavu. Haukupita mwezi mwalimu akanipigia simu. Hakukasirika, na upole wake uliniuma zaidi. Kete kumi na tisa kati ya nyeusi thelathini na mbili zilikuwa zimepasuka. Aliporudisha kete, tuliona mfalme mmoja ana ufa kutoka kitakoni hadi shingoni, na ukucha wangu uliingia wote.

Sababu yake haina siri. Mbao ikikauka hunywea, na kwa kuzifuata pete zake za ukuaji hunywea karibu mara mbili ya inavyonywea kuelekea kiini. Kipande cha mviringo chenye kiini katikati hakina pa kukimbilia ila kupasuka. Sisi tukaongeza na chuma: mbao ilikuwa inajibana, nati hainywei, na ufa ukapata pa kuanzia. Kosa hili halimwonei mgeni wa kazi peke yake. Hata wachongaji hodari wa vinyago wanaotumia mbao mbichi hulijua vyema, kinyago kinaposafiri kwenda nchi kavu.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kukereza kete, pasua gogo katika robo na uache kiini nje. Paka nta au rangi iliyobaki kwenye ncha za vipande, kwa sababu maji hutokea huko kwa kasi zaidi. Wazee wa kazi huhesabu takriban mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Kereza mara ya kwanza ukiacha unene wa ziada, zika kipande katika maranda makavu, kisha ukipime kwa mizani kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, hapo maliza kazi. Na shimo la chuma liwe na nafasi kidogo.

Nawe uliyeagiza, kama nilivyoagiza mimi, fundi akikutazama kwa wasiwasi, usimjibu kwa tarehe. Muulize ameona nini.

Tulimrudishia mwalimu fedha zake, na mwaka wa pili tukampelekea seti nyingine, ambazo mpaka sasa ziko salama. Vipande vya mutamaiyu vilivyobaki viko darini, kila kimoja kimeandikwa kwa chaki siku kilipopasuliwa. Yule mfalme mwenye ufa yuko dirishani pa karakana. Mteja akija na haraka, fundi humpa amshike kwanza, ndipo wanazungumza habari ya siku.