Kuzijaribu Roho Bila Kudhihaki

Soma 1 Yohana 4:1. Matendo 19:26, 37. Paulo aliwezaje kuikana miungu ya Efeso bila kumtukana Artemi?

Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu aliyesema Mungu alimwonyesha dawa hiyo ndotoni. Wapo walioacha dawa za VVU wakiamini wamepona. Kwa wengi, kuhoji kikombe kulikuwa sawa na kumpinga Mungu.

Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayetamka neno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mwingine. Kosa liko katika kusudi hilo. Karani wa Efeso alishuhudia kwamba wenzake Paulo hawakumkufuru Artemi, ingawa mafundisho ya Paulo yalitikisa biashara ya sanamu.

Basi Mkristo asimcheke mgonjwa, wala asinyamaze akimwona anaangamia. Aketi naye, amsihi aendelee na dawa, waombe pamoja.

Swali la kujadili: Jirani yako huko Manyoni au Iramba ameacha dawa baada ya kuombewa. Utamwambia nini, mahali gani, na kwa roho gani?