Hati Mkononi, Njaa Nyumbani

Wanangu, mnivumilie nikirudia niliyokwisha sema. Nasikia baadhi yenu mmepata hati za mashamba, na kabla hamjazionyesha hata kwa wake zenu, madalali wamekwisha zisoma.

Mwajua wazee wenu wa Pwani hii ya Kenya waliitwaje? Maskwota, palepale walipozikwa babu zao. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hatimiliki katika ukanda wa pwani wa maili kumi: mwenye dai alete maandishi, na ardhi isiyo na mdai ikawa ya serikali. Mmijikenda ambaye ushahidi wake ulikuwa makaburi na minazi akageuka mgeni kwao.

Tangu hapo wengi walilima kwa hisani ya wenye mashamba, wengine hata wasiowajua kwa sura. Muhogo, ruhusa. Mahindi, ruhusa. Mnazi, mwembe, mkorosho, marufuku! Mti wa kudumu ni ushahidi, na mwenye shamba hakutaka ushahidi uote. Basi mtu alipanda cha msimu, na masika yakimkosa, hana nazi ya kuuza wala embe la kumpa mtoto. Njaa yetu haikuletwa na ukame peke yake.

Uhuru ulikuja 1963, hati za wenye mashamba zikabaki. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ndiyo iliyotamka kwamba kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Mwaka 2016, huko Likoni, maskwota wa shamba la Waitiki wakagawiwa hati baada ya mvutano wa miaka mingi. Wako wengi ambao zamu yao haijafika hadi leo.

Sisemi hamna shida. Karo naijua, hospitali naijua. Na serikali ikikupa shamba lisilo na maji wala barabara, imekusukuma nusu ya njia kwa dalali. Lakini bodaboda mliyonunua kwa pesa za shamba ikifa, mtalima kiti chake? Mkiuza, wajukuu zangu watakuwa maskwota tena, safari hii kwa sahihi ya baba yao.

Mlio na hati, anzeni na ile miti tuliyokatazwa. Muhogo uwalishe mwaka huu, mnazi uwasubiri watoto. Enyi wake, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yenu. Sheria ya 2013 yasema hivyo, msitie kidole kwa kuogopa makelele. Na mnaongoja hati, wekeni risiti, barua na kumbukumbu za vikao mahali pamoja, na majina ya mabinti yaandikwe pia. Anayekuja kuwahesabu msimu wa kura tu, mpeni maji ya kunywa, msimpe vitambulisho.

Na mnunuzi akiwajia na bei nono, mwulizeni swali moja kabla ya kuhesabu pesa: shamba mnaloliona halina faida kwenu, yeye amelionea faida gani?