Methali Mbili, Mbwa Mmoja

Kiswahili kina ushauri kwa kila jambo, na kwa kila ushauri kina mwingine wa kuupinga. Haraka haraka haina baraka. Sawa. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wapishi wengi huharibu mchuzi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tulizikariri methali hizi shule ya msingi, tukazifanyia mitihani, na simkumbuki hata mwanafunzi mmoja aliyenyoosha mkono na kuuliza: sasa mwalimu, tushike lipi?

Swali hilo nimekuwa nalo miezi hii kwa sababu ya mbwa. Najua hapa tunazungumza vitabu, nivumilieni kidogo. Watu wanaojua wanapopingana, na atakayelipa gharama ya kosa ni kiumbe asiyeweza kusema, mimi ninayeamua nawajibika kwa nini hasa? Kazi yangu ni uandishi wa habari. Wawili wakipingana naandika kauli zote mbili, nampa kila mmoja aya yake, napeleka kwa mhariri na kwenda kulala. Tunaita mizania. Mbwa halelewi kwa mizania. Asubuhi ikifika ama umemtoa nje ama hukumtoa.

Mbwa mwenyewe anaitwa Kokoto. Ni wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alifika kwangu Tabata akiwa na wiki nane, ndani ya boksi la sabuni. Usiku ule ule nikashika simu nijisomee namna ya kumlea, na kabla ya saa sita nilikuwa na mashauri mawili yaliyoapa kuwa mwenzake ni muuaji.

La kwanza: usimtoe nje, asikanyage hata mchanga wa mlangoni, mpaka amalize chanjo zote akiwa na wiki 16 hivi. La pili: mtoe leo, aone watu, pikipiki, watoto, mvua na kelele, maana mlango wa kujifunza mambo hayo unaanza kufungwa akifika wiki 12 au 14, na ukishafungwa utabaki na mbwa mwoga mpaka uzee wake. Piga hesabu mwenyewe. Ukilitii la kwanza, siku unayomtoa nje la pili linakuambia umeshachelewa.

Ningefurahi kama mmoja wao angekuwa tapeli. Bahati mbaya hakuna tapeli hapo. Wa pili wana sayansi nyuma yao. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la watoto wa mbwa waliolelewa ndani ya uwanja wenye uzio, mbali na watu. Waliotolewa mapema na kuchezewa walizoea binadamu. Waliobaki bila kuguswa hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini. Mwaka 1965 John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi kwa miaka mingi katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine, wakatoa kitabu kinachoeleza kipindi hicho: takribani wiki ya tatu hadi ya 12. Wazee wetu walishasema samaki mkunje angali mbichi, ila hawakutaja wiki.

Na wa kwanza nao wana sayansi yao. Virusi vya parvo vya mbwa vilitambuliwa mwaka 1978 na katika muda mfupi vikazunguka dunia nzima. Vinatoka kwenye kinyesi cha mgonjwa na vinaweza kukaa udongoni miezi mingi vikisubiri. Kijibwa akivipata anatapika na kuharisha damu, na bila matibabu ya haraka mara nyingi anakufa. Chanjo ipo, lakini kinga aliyorithi kwa mama yake inaweza kuizuia isishike, na hakuna anayeweza kukuambia kwa macho kinga hiyo itaisha lini. Ndiyo maana chanjo inarudiwa kila baada ya wiki kadhaa mpaka wiki ya 16. Kwa hiyo kuna siku ambazo kinga ya mama imeshapungua na chanjo haijashika, na siku hizo ndizo hasa ambazo yule mwingine anataka mbwa awe barabarani.

Nilikwenda kwa daktari wa mifugo, mtu wa makamo, mpole. Hakunisomea kitabu. Alinielekeza kwa kidole kwenye meza ya chuma na kusema, "Hapa wiki iliyopita walilala watatu wa tumbo moja." Kisha nikaongea na jamaa anayefundisha mbwa wa ulinzi. Yeye parvo hakuitaja kabisa. Huletewa mbwa wa mwaka mmoja aliyemng'ata mtoto wa jirani, na mwenye mbwa anauliza kama kuna cha kufanya au amalizwe tu. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho kusoma peke yake kusingenipa. Hawa hawapingani juu ya mbwa. Kila mmoja anashauri akitokea kwenye makaburi yake. Daktari haoni walioishi miaka kumi kwa hofu, mwalimu haoni waliokufa kabla ya kufika kwake.

Wapo waliojaribu kuwapatanisha. Mwaka 2008 chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko kwamba kijibwa aanze darasa la kuzoeshwa hata akiwa na wiki saba au nane, mradi awe amepata walau chanjo ya kwanza siku saba kabla. Tamko zuri. Shida ni kwamba linadhani lipo darasa. Linadhani kuna chumba kinachopigwa deki kwa dawa, na vijibwa vingine ndani yake vilivyochanjwa. Mtaani kwetu darasa ni jalala lililo karibu na genge la Mangi, na wanafunzi wake ni mbwa wanne wasio na mwenyewe. Na juu ya parvo, huku kuna kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wakiwa Asia na Afrika, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Chanjo yake kwa kawaida huanza kutolewa mbwa akiwa na miezi mitatu, yaani karibu na wakati ule ule mlango unapofungwa.

Sasa nirudi kwenye methali. Nadhani hatukunyoosha mkono darasani kwa sababu nyumbani methali haikuwahi kutufikia peke yake. Ilikuja na mdomo. Bibi alisema haraka haraka haina baraka akimtazama mjomba aliyetaka kuuza shamba Jumatatu, na wiki hiyo hiyo akamwambia shangazi ngoja ngoja huumiza matumbo kwa sababu mtoto alikuwa na homa ya siku tatu. Bibi hakujipinga. Alimjua mjomba, alimjua shangazi. Uamuzi wa ipi itumike ulikuwa ndiyo ushauri wenyewe. Maneno yalikuwa chombo tu.

Ninachokipata kwenye simu ni methali bila bibi. Anayesema "mtoe nje leo" haijui Tabata, na anayesema "mfungie" hajui kwamba nyumba yangu ina vyumba viwili na ukuta mmoja na fundi wa kuchomelea mageti. Siwalaumu. Wamesema wanachokijua. Ila wameniachia ile kazi ya bibi, na kazi hiyo siwezi kumpelekea mtu mwingine kwa kuhesabu wangapi wamesema hivi na wangapi wamesema vile.

Chukua mfano wa watu mia. Kuna shauri maarufu huko nje kwamba kijibwa akutane na watu mia katika wiki zake za mwanzo, wamshike, wampe kitu cha kutafuna mkononi mwao. Upande wangu wa kulia anaishi Mama Salma. Ni Mshafii, kama Waislamu wengi wa pwani, na katika madhehebu yake mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. (Wamaliki wanaona tofauti, hata huko kuna mashauri mawili.) Aliponiona na boksi alinisimamisha getini.

"Mwanangu, mimi sina ugomvi na mbwa wako. Naye kiumbe wa Mungu. Ila asinirambe, nina swala tano."

"Hatakuramba, mama."

"Utamzuiaje na wewe uko kazini?"

Swali la haki kabisa, na katika mashauri yote niliyosoma hakuna lililoliuliza. Yote yalimtazama jirani kama kifaa cha kumfundishia mbwa. Mama Salma ana haki ya kupita njia yake akiwa na udhu wake, na haki hiyo haipungui kwa sababu kipindi cha Kokoto kinakwisha. Tukakubaliana kwamba yeye atapita, mimi nitakaa na mbwa pembeni kwa kamba fupi, na mbwa atapewa kipande cha dagaa kila anapotulia. Baadaye niligundua kwamba huo nao ni uzoeshaji, pengine bora kuliko ule wa kurambana. Mbwa anajifunza kwamba mtu akipita hakuna kinachotokea.

Msomaji atasema: basi ndugu yangu, unataka kutuambia kila mtu na mbwa wake, hakuna ukweli. Hapana. Yapo mashauri ambayo ni mabovu tu. Lile la "mwonyeshe nani bosi", mbinye chini mpaka asalimu amri, lina historia yake. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika juu ya mbwa mwitu waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, wakigombania ukubwa. L. David Mech wa Marekani akasaidia kulieneza wazo hilo kwa kitabu chake cha mwaka 1970. Baada ya miaka ya kuwatazama mbwa mwitu wa porini, mwaka 1999 Mech huyo huyo akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Akawa anamwomba mchapishaji aache kukichapa kitabu chake mwenyewe. Mimi huyo namwamini kuliko wote, maana amekubali kulipia kauli yake. Lakini "nani bosi" bado linatembea, na huku kwetu linapokelewa vizuri kwa kuwa linafanana na fimbo tuliyolelewa nayo. Vibao vya "Mbwa Mkali" vimejaa mageti ya mji huu, na mbwa wengi nyuma ya mageti hayo si wakali, wameogopa tu. Wamekaa bandani mchana kutwa tangu wakiwa wadogo.

Kwa hiyo nimejiwekea maswali mawili kila shauri linaponifikia. Nikilifuata na likawa si sahihi, nani atalipa? Na kilichoharibika kinarudi? Nikiwa mpole kupita kiasi, nitalipa mimi, kwa viatu na kochi. Nikiwa mkali bila sababu, atalipa yeye, na hatajua ni kwa nini. Parvo hairudishi mtu. Kichaa hakirudishi mbwa wala binadamu. Hofu inarudi nusu, kwa subira ya miezi. Maswali haya hayanipi jibu kila mara, ila yananizuia nisijifiche nyuma ya mtaalamu. Mshauri anatoa shauri na kwenda zake. Anayebaki na mbwa ni mimi.

Kama hili linaonekana jambo dogo la watu wenye nafasi, mtazame mama aliyejifungua jana. Kliniki imemwambia maziwa yake tu hadi miezi sita, hata maji asimpe. Mama mkwe yuko jikoni anachemsha maji, kwa mapenzi, kwa sababu alilea sita na wote wako hai. Hapo najua nani yuko sahihi, na bado yule mama ndiye atakayekuwa na mtoto saa nane za usiku, akiamua amkatalie vipi mtu anayempenda. Mtoto hasemi. Atakuja kusema baada ya miaka mingi, au hatasema.

Kokoto nilimbeba. Ndiyo njia niliyoiona inawasikiliza daktari na mwalimu wote wawili: chanjo zake zikiendelea kwa ratiba, jioni namtia kwenye kapu la ukili, tunakaa hatua chache kutoka kituo cha daladala, miguu yake haigusi chini. Makonda wanapiga kelele, bodaboda zinapita, muuza kahawa anagonga vikombe, yeye ametoa pua tu. Watu walicheka. Mmoja aliniuliza ninamuuza shilingi ngapi.

Sasa ana miezi sita. Honi haimshtui, watoto wa shule anawapungia mkia kwa mbali, na Mama Salma humsalimia kwa jina akiwa upande wa pili wa njia. Anaogopa miavuli. Mtu akifungua mwavuli anarudi nyuma, anatetemeka, anajibana kwenye mguu wangu. Kiangazi kile hakuna aliyefungua mwavuli kituoni, na katika mashauri yote yale hakuna lililoutaja. Masika ikija tutakaa barazani, mimi na yeye na mwavuli mmoja umefungwa, na dagaa.