Divai ya Kana na Divai ya Cape Town



Mama mmoja ametuandikia barua ambayo nimeona vyema tuijibu hapa, kwa maana swali lake ni la nyumba nyingi. Yeye na mumewe wanatimiza miaka 25 ya ndoa. Watoto wao wanne, ambao sasa wanafanya kazi, wamechanga pesa na kuwalipia wazazi safari ya siku 6 kwenda Cape Town, Afrika Kusini. Siku 4 ni za kuuona mji, na siku 2 ni za kuzuru mashamba ya mizabibu na kuonja divai.

"Katekista," anaandika mama huyu, "mzee wangu aliacha pombe miaka mitano iliyopita, na kabla ya hapo tuliona mambo. Watoto wanasema divai si kama pombe nyingine, eti ni kinywaji cha heshima. Mzee mwenyewe amenyamaza. Nikikataa, watoto wataona nimedharau zawadi yao. Nikikubali, naogopa nitaondoka na mume nirudi na mlevi. Nifanye nini?"

Mama, asante kwa kusema wazi. Wengi huficha jambo kama hili mpaka nyumba iungue.

Kupumzika pamoja si dhambi

Kwanza tuondoe wasiwasi mmoja. Wakristu wengi wa kwetu hudhani kwamba mume na mke kusafiri kwa kupumzika tu, bila mazishi wala harusi ya mtu, ni anasa. Sivyo. Katika Injili ya Marko sura ya 6, Yesu aliwaita mitume wake kando wapumzike kidogo, kwa sababu watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Torati nayo (Kumbukumbu la Torati 24:5) iliagiza kwamba mwanamume aliyeoa karibuni asipelekwe vitani, bali akae nyumbani mwaka mzima amfurahishe mkewe. Tena katika Wimbo Ulio Bora, sura ya 7, bibi anamwalika mpenzi wake watoke waende mashambani, walale vijijini, na alfajiri waende kutazama kama mizabibu imechanua. Basi, mama, safari mliyopewa imo ndani ya Biblia.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, Amoris Laetitia, alifundisha kwamba upendo unahitaji muda na nafasi, na kwamba mambo mengine yaje baadaye. Lakini tazameni nyumba zetu. Kwa miaka 25 mume na mke wamezungumza juu ya karo, ng'ombe, michango na wagonjwa. Watoto wakishaondoka, wazee wawili wanabaki mezani, na redio ndiyo inayozungumza. Huenda, mama, kimya cha mzee wako hakitokani na divai peke yake. Mwanamume anaweza kuogopa siku 6 za kuwa na mkewe mahali ambapo hakuna shamba la kukimbilia asubuhi.

Mji wenye mafunzo

Cape Town una mengi ya kuonwa na wana ndoa hata kabla ya kufika kwenye mizabibu. Upo Mlima wa Meza, wenye kimo cha mita 1,086, ambao kilele chake kimesawazika kama meza iliyotandikwa. Tangu mwaka 1929 watu hupandishwa huko kwa kijumba kinachovutwa na waya. Vijumba vinavyotumika tangu mwaka 1997 vina sakafu inayozunguka polepole wakati wa kupanda, hivi kwamba kila abiria huona pande zote, na hakuna haja ya kugombania dirisha. Ndoa nayo ingekuwa hivyo! Katika nyumba nyingi mmoja ndiye aliye dirishani siku zote, akieleza yule mwingine dunia ilivyo.

Kipo pia Kisiwa cha Robben, ambako watu hufika kwa mashua. Nelson Mandela alifungwa huko miaka 18 kati ya miaka yake 27 ya kifungo. Mwanzoni aliruhusiwa kupata barua moja na mgeni mmoja kila baada ya miezi sita. Mkewe alipomtembelea, kioo kilikuwa katikati yao na askari walisikiliza. Mandela mwenyewe ameeleza kwamba ni mwaka 1984, akiwa tayari amehamishiwa gereza la Pollsmoor, ndipo aliporuhusiwa kumkumbatia mkewe, baada ya miaka 21 ya kutomgusa hata mkono. Ndoa hiyo haikudumu. Ilivunjwa mahakamani mwaka 1996. Hatuko hapa kumhukumu mtu aliyeteswa hivyo. Lakini mkiwa kisiwani hapo jiulizeni: sisi tusiotenganishwa na kioo wala askari, tumeshikana mikono lini mara ya mwisho?

Na Jumapili msikose Misa. Kanisa Kuu la Katoliki la Cape Town liko katikati ya mji, karibu na majengo ya Bunge, nalo limewekwa chini ya Bikira Maria wa Kukimbilia Misri. Mnaona jinsi linavyowafaa wana ndoa wasafiri? Yusufu na Maria walisafiri pamoja usiku, kwa hofu, wakimlinda mtoto. Ninyi mnasafiri kwa furaha, lakini nanyi mna kitu cha kulinda, nacho ni ile miaka mitano.

Divai machoni pa Mungu

Sasa tufike kwenye divai yenyewe. Kanisa letu halifundishi kwamba divai ni haramu. Zaburi ya 104 inaitaja kati ya vipawa vya Mungu vinavyoufurahisha moyo wa mwanadamu. Muujiza wa kwanza wa Bwana wetu ulikuwa wa divai, tena katika arusi. Na sheria ya Kanisa inataka divai ya Misa iwe ya asili, tunda la mzabibu, isiyoharibika.

Lakini Biblia hiyohiyo haikuficha upande wa pili. Nuhu alipanda shamba la mizabibu, akanywa, akalala uchi hemani mwake (Mwanzo sura ya 9). Yoshua bin Sira, sura ya 31, anasifu divai inywewayo kwa kiasi na kwa wakati wake, kisha anaeleza uchungu na ugomvi wa inayozidi. Tena wapo watakatifu walioambiwa wasiiguse kabisa, kama Yohane Mbatizaji kabla hajazaliwa (Luka 1:15). Kwa hiyo kuna njia mbili, na zote ni takatifu: kunywa kwa kiasi, na kutokunywa kabisa. Aliyekwisha kufungwa na pombe, njia yake ni hiyo ya pili. Si adhabu, ni wito wake.

Ninyi watoto mnaosema divai si kama pombe nyingine, mkumbuke kwamba bia ya chupa kwa kawaida ina kileo cha asilimia 4 au 5, nayo divai nyingi ina asilimia 12 hadi 14. Glasi ikiwa nzuri na kitambaa cha meza kikiwa cheupe, kileo hakipungui. Mzee wenu asidanganywe na heshima ya kinywaji.

Mshahara uliolipwa kwa divai

Mashamba hayo ni mazuri kweli. Stellenbosch, mji uliokaa katikati ya mizabibu yapata kilomita 50 kutoka Cape Town, ulianzishwa mwaka 1679. Bonde la Franschhoek lilipewa Waprotestanti wa Ufaransa waliofika mwaka 1688 wakikimbia mateso ya mfalme wao, ambaye alikuwa Mkatoliki, jambo la kutufanya tuinamishe vichwa. Divai ya kwanza ya Rasi ilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, na mizabibu hiyo ilitunzwa kwa jasho la watumwa, wengine wao waliotolewa Msumbiji na Madagaska, mpaka utumwa ulipokomeshwa huko mwaka 1834, na hata hapo walishikiliwa kwa miaka minne zaidi.

Utumwa ulipokwisha, ukabaki utaratibu ulioitwa dop. Mfanyakazi alipewa divai ya hali ya chini mara kadhaa kwa siku kuwa sehemu ya ujira wake. Sheria ilikuja kuukataza, lakini uliendelea mashambani kwa miaka mingi. Matokeo yake bado yanaonekana: watafiti wamekuta katika jimbo hilo watoto wengi mno waliodhurika tumboni kwa sababu ya mama zao kunywa, kiasi kilicho kati ya vikubwa kabisa vilivyopata kuripotiwa duniani.

Linganisheni na mfano wa Bwana wetu katika Mathayo sura ya 20. Mwenye shamba la mizabibu aliwaita wafanyakazi jioni, akawalipa kila mmoja dinari mkononi, hata yule wa saa ya mwisho. Dinari ilirudi nyumbani kwa mke na watoto. Divai ya dop haikurudi nyumbani. Kilichorudi ni ngumi na matusi. Tusidhani hayo ni ya Afrika Kusini pekee. Mwanamume apokeaye mshahara Ijumaa na kuuacha baa kabla ya kufika mlangoni kwake anajilipa dop kwa mkono wake mwenyewe.

Basi mfanye nini?

Mama, nakujibu sasa. Nendeni Cape Town, lakini nendeni kwa mpango.

Kwanza, mwulize mzee mwenyewe. Wewe umeandika kwa katekista, watoto wamepanga kwa simu, naye aliyeshinda vita hajaulizwa. Chagua saa ya utulivu, umwambie hivi: "Baba, nimeona ulivyojitahidi miaka hii mitano. Siku zile za divai unazionaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Akisema hawezi, usimwone dhaifu. Ajuaye mahali daraja lilipooza ndiye apitaye salama.

Pili, zungumzeni na watoto wenu, ninyi wawili pamoja. Shemu na Yafethi walimfunika baba yao bila kumtazama, nao wakabarikiwa. Watoto wenu nao wanaweza kumfunika wao kwa kubadilisha siku moja ya safari bila kuwatangazia majirani sababu.

Tatu, mkiamua kuliona bonde, liendeeni kwa siku moja badala ya mbili, na mwende kwa ajili ya milima, mizabibu na chakula. Hakuna sheria inayomlazimu mgeni kuonja. Chagueni mapema shamba lenye mahali pa kula, na waambieni mapema kwamba hamtaki divai. Nawe, mama, siku hiyo usinywe hata tone. Mtakatifu Paulo anawafundisha Warumi (14:21) kwamba ni vyema kuacha nyama na divai kama vinamkwaza ndugu. Je, si zaidi kama ndugu huyo ni mume wako?

Nne, salini pamoja kila usiku kabla ya kulala, kama Tobia na Sara walivyofanya chumbani mwao. Mzee akilemewa, asione haya kumpigia simu Padre, au mwenzake wa kikundi cha walioacha pombe. Chama cha Pioneer, kilichoanzishwa na Padre James Cullen huko Ireland mwaka 1898, kimekwisha kuwasaidia Wakatoliki wengi kushika ahadi yao.

Tano, ikiwa Misani watatoa Damu ya Kristu kwa kikombe, mzee asifadhaike. Katika Mwili wa Bwana anampokea Kristu mzima.

Ninyi msio na nauli

Najua wengi wenu mnasoma haya mkisema, "Hayo ni ya wenye watoto walio na kazi." Lakini msikope pesa za chama ili mwone mlima wa watu. Pandeni matatu asubuhi mwende Subukia, kwenye mahali patakatifu pa Mama Maria, mkasali Rozari na kula mlichobeba. Au nendeni Naivasha mkatazame ziwa. Huko Bonde la Ufa nako mizabibu inapandwa na divai inatengenezwa. Hata kutembea mpaka mto wa kijijini Jumapili alasiri, mume na mke bila simu, ni likizo. Mungu hapimi mapumziko kwa kilomita.

Kule Kana, Maria aliona divai imekwisha kabla wageni hawajajua. Hakupiga kelele, wala hakumwaibisha bwana arusi, alimwambia Mwanawe. Wewe nawe, mama, umeona hatari kabla haijafika. Mpelekee Yesu, kisha kaa na mzee wako mzungumze.

Maswali ya kuzungumzia mume na mke

1. Ni lini mara ya mwisho tulipumzika pamoja, sisi wawili tu?
2. Je, kuna kitu ambacho mimi naweza kukitumia bila shida, lakini kinamjaribu mwenzangu? Niko tayari kukiacha?
3. Katika nyumba yetu, nani ndiye aliye dirishani siku zote?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyekubali kualikwa arusini Kana, ukubali kusafiri na wana ndoa wetu. Wanaokunywa, wape kiasi. Walioacha, wape nguvu ya kesho. Waliochoka wao kwa wao, wape la kuzungumza. Ee Mama Maria, utuombee. Amina.