Nani Kamuua Mke wa Bwana X?

Desemba 1945, mjini Stockholm, Alexander Fleming alipokuwa akipokea Tuzo ya Nobel kwa kuvumbua penisilini, aliwasimulia wasikilizaji wake kisa cha kubuni. Bwana X anaumwa koo. Anajinunulia penisilini, anatumia kidogo: haitoshi kuwaua bakteria, yatosha kuwafundisha kuihimili. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini ileile, wapi! Anakufa. Nani wa kulaumiwa? Fleming akajibu mwenyewe: Bwana X.

Nilipokisoma nilicheka. Mjinga gani huyu! Halafu nikakumbuka kamba.

Niliwala ufukweni, pamoja na kachumbari iliyokatwa juu ya ubao uleule waliomenyewa wakiwa wabichi. Moto ulikuwa umewaua bakteria wa kamba, lakini kachumbari haipikwi. Usiku tumbo likanikamata. Asubuhi nikaenda duka la dawa, sikuulizwa cheti, nikauziwa vidonge vya rangi mbili. Siku ya pili tumbo likatulia, nikaacha. Vilivyobaki vinne nikampa mama jirani, ambaye mwanawe alikuwa anaharisha. Akaniombea dua ndefu. Nami nikajiona mtu mwenye utu.

Na kweli, nani angenilaumu? Kwetu dhambi ni kumnyima jirani dawa, si kumpa.

Ila Fleming alizungumza kabla jambo moja halijajulikana. Mwaka 1959 watafiti wa Japani walionyesha kwamba usugu huhama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine, hata wa aina tofauti. Huchukuliwa na kijiduara cha jeni kiitwacho plasimidi, kama jirani anavyoazima kaa la moto. Mwaka 2005 ikagunduliwa kwamba jeni iitwayo qnrA, inayowakinga bakteria wa hospitali dhidi ya dawa za jamii ya siprofloksasini, asili yake ni Shewanella algae, kiumbe wa majini. Bahari na wodi, kumbe, huazimana.

Basi kila dawa inayomwagwa majini inamhusu mtu asiyemjua mmwagaji. Chile, mwaka 2014, ufugaji wa samaki aina ya salmoni ulitumia zaidi ya tani 500 za antibayotiki. Norwei, inayofuga salmoni wengi zaidi, ilikuwa imeshuka kutoka karibu tani 50 mwaka 1987 hadi kama nusu tani tu, hasa kwa kuwachanja samaki. Kwa hiyo hoja ya kwamba hakuna njia nyingine siikubali.

Lakini huyo Bwana X wa Chile ni nani hasa? Mwenye shamba? Mlaji? Fleming alitupa marehemu mwenye mume, tukajua pa kuelekeza kidole. Wangu mimi hana jina, pengine bado hajazaliwa. Je, kosa lisilo na maiti linapungua uzito? Nimejaribu kujidanganya kwamba ndiyo, nikashindwa. Mke wa Bwana X naye alikuwa wa kubuni tu, na bado tulimlilia.

Juzi mama jirani kagonga tena. Mtoto anaharisha, vile vidonge vyako vipo? Nikasema sina, nikampa pakiti mbili za ORS, nikamwambia tumpeleke zahanati. Akazipokea, akanitazama kama mtu anayemtazama bahili.

"Haya, mwanangu," akasema. Safari hii hakuniombea dua.