Maelezo Yasiyoweza Kukosea

Thomas Bayes, aliyefariki mwaka 1761, alikuwa mchungaji huko Uingereza na mpenda hesabu. Kutokana na kazi yake, wanatakwimu leo hupima maelezo mawili yanayoshindana kwa kuuliza: kila moja liliupa ushahidi huu nafasi gani kabla haujaonekana?

Tuchukue sayari ya Zebaki. Mwendo wake ulipishana kidogo na hesabu za Newton. Wengine wakasema iko sayari isiyoonekana inayoivuta, na uzito wa sayari hiyo ungeweza kupangwa ufuate kipimo chochote. Mwaka 1915 nadharia ya Einstein ilitoa kiasi kimoja tu. Kingekosa, ingeanguka. Hakikukosa. Maelezo yaliyokuwa tayari kwa lolote hupata sifa ndogo likitokea moja.

Hapo nilimkumbuka mama mmoja. Nilimwambia mwanawe akipona, ni kwa imani. Mtoto alipofariki, nikasema imani ilipungua. Maneno yangu yasingeshindwa kamwe, nami nilidhani hiyo ndiyo nguvu yake! Rafiki zake Ayubu walisema vivyo hivyo, na Bwana akawakasirikia.

Sisemi Mungu apimwe kama sayari. Lakini Paulo hakujificha hivyo: aliwaambia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, mahubiri yake hayana kitu. Aliweka yote juu ya jambo moja.

Nilirudi kwa yule mama kumwomba radhi. Aliniuliza tena kwa nini mwanawe alikufa. Nikamwambia, "Mama, sijui." Akanivutia kiti.