Aliyesafiri Hakukimbia

Siku chache baada ya khitma ya mjomba wa mama yangu, ambaye sote tulimwita Babu, ndugu mmoja aliandika wasifu wa marehemu akautuma kwenye kundi la familia. Ulikuwa mfupi mno. Alizaliwa Mombasa, akaoa, akajaliwa watoto na wajukuu, "na alipenda safari". Nililalamika kwamba umri mzima wa baharini umebanwa katika maneno mawili, kana kwamba mzee alikuwa akienda matembezi. Jibu nililopewa mbele ya wakubwa ndilo lililonitia kalamu mkononi: "Tuseme ukweli. Angewapenda wanawe, angekaa nao."

Sitapoteza wino kwenye fasili. Kumkumbuka mtu kila mmoja anajua ni nini, na mapenzi ya mzazi vilevile. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 17, alishikilia kwamba mtu huwa ni yule yule wa jana kwa sababu anajikumbuka. Na iwe hivyo. Ninachouliza mimi kinaanzia pale alipoishia: mwenye kujikumbuka akishazikwa, ni nani anayemshikia maisha yake yasitawanyike?

Wanamshikia mashahidi. Na hapa ndipo penye dhuluma ambayo sijaona ikisemwa. Mtu aliyeishi zaidi ya miaka tisini huwa amekwisha kuwazika mashahidi wake. Mabaharia waliomwona Babu akiteka maji ngamani usiku kucha walimtangulia. Waliobaki ni wanawe, nao walishuhudia upande mmoja tu, ule wa nyumba isiyo na baba. Basi ule umri mrefu tunaoombeana kila Idi humwacha mtu bila wakili siku anapomhitaji zaidi.

Nina ushahidi mmoja, na nimeupata kwa bahati. Mzee mmoja aliyesafiri naye, marehemu sasa, alinisimulia kwamba Babu alikuwa na kipande cha kamba nyembamba kwenye sanduku lake, kimepigwa mafundo. Kutoka ncha hadi fundo la kwanza ulikuwa urefu wa wayo wa mwanawe wa mwisho. Fundo la pili la anayemfuata kwa ukubwa, na kuendelea. Kila akifika Matrah au Aden aliingia sokoni na kamba ile kununua makubadhi, na kila kipimo alikiongeza upana wa kidole gumba, kwa kuwa hadi atakaporudi miguu itakuwa imekua. Wanawe waliyavaa makubadhi. Kamba hawakuiona hata siku moja.

Sasa nirudi kwa lile neno, "angekaa". Linanikera kwa sababu linajifanya busara, na ndani yake mna hesabu ya karani wa mahudhurio: aliyekuwapo kapenda, asiyekuwapo hakupenda. Kwa hesabu hiyo, baba anayeshinda barazani akicheza bao, akaingia ndani kula na kulala, asijue mwanawe yuko darasa la ngapi, amepata alama zote. Tunawajua akina baba wa namna hiyo, na wasifu zao husomwa kwa machozi.

Tena, neno hilo tunalitumia kwa upendeleo. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, akihamishwa huku na huko. Alikaa Pangani kwenye forodha, akafika hadi Longido. Sijamsikia mtu akimwambia angewapenda wanawe angekaa Tanga. Na hatusemi kwa sababu aliandika. Kuna Utenzi wa Hati aliomtungia binti yake, kuna Utenzi wa Adili wa mwanawe wa kiume, kuna barua zake kwa nduguye. Karatasi zimemtetea. Baharia asiyeandika ametetewa na nini? Kamba yenye mafundo, nayo imepotea. Je, alipenda pungufu, au aliacha hati pungufu? Aliyenijibu hajawahi kulifikiria swali hili, na bado anatoa hukumu.

Isitoshe, anasema "angekaa" au "angerudi mapema" kana kwamba kulikuwa na basi la jioni. Upepo wa kaskazi ulikuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni kuanzia kama Desemba hadi Machi. Kusi ilianza Aprili na kuyarudisha. Aliyeondoka Mombasa mwanzo wa kusi, kabla bahari haijachafuka Juni na Julai, hakurudi hadi kaskazi ianze tena. Miezi minane hiyo, apende asipende, ana mtoto mgonjwa au hana.

Na walikuwa wakibeba nini? Hapa nitakawia, maana jambo hili nalipenda. Walibeba boriti. Miti ya mikoko ilikatwa kwenye delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, ikapelekwa Ghuba ambako miti ya kujengea haikuwapo. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kuwait lililofika Rufiji mwaka 1939 kupakia shehena hiyo, akaandika kitabu. Boriti haina urefu wa kupita kiasi. Kwa kawaida inavuka nafasi ya kama mita tatu au pungufu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba, na ndiyo maana vyumba vya kale vya Kuwait na Bahrain navyo vilijengwa vyembamba vivyo hivyo. Familia zilizolala ng'ambo ya bahari zilipimiwa vyumba na mti wa Rufiji. Wanaume walioacha nyumba zao ndio walioezeka nyumba za watu wasiowajua, na kwa ujira huo wakaezeka zao. Nikiingia katika nyumba ya kale nikainua macho darini, siwezi kukubali kwamba safari zile zilikuwa kinyume cha familia.

Wapo wenye hoja nzito zaidi, wanaouliza nani alibeba mzigo wa nyumba miezi hiyo yote. Alibeba Bibi, na hilo silipingi. Na wapo wanaosema Babu mwenyewe aliifurahia bahari, hakuivumilia tu. Ni kweli, aliifurahia, wala sioni kwa nini furaha yake iwe ushahidi dhidi yake.

Kisa cha kamba nilimsimulia binti yake wa mwisho. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kamba sikuijua, mwanangu. Lakini na yeye hakuijua surua yangu." Sikuwa na jibu, na hadi leo sijalipata. Huenda mapenzi yasiyomfikia mpendwa yana upungufu ambao mashahidi wote wa dunia hawawezi kuufidia. Huenda pia yamemfikia miguuni, yeye asijue.

Ninachokijua ni kwamba wasifu wa mistari michache bado unazunguka kwenye simu za ndugu, na baharia mmoja tu wa rika la Babu yuko hai, Lamu, masikio yakianza kumtupa. Kama kwenu yuko mzee aliyewahi kusafiri, msimwulize yeye peke yake wala wanawe peke yao. Watafuteni waliokuwa naye chomboni, na mwende mwaka huu.